Bunia: Akaunti ya mchezo ikiibiwa, uokoaji unaanzia kwenye namba ya simu

BUNIA (Ituri) – Kijana amecheza Free Fire kwa miaka mitatu. Ameweka pesa yake kidogo kidogo, franka elfu chache kila mara, hadi mchezaji wake akavaa nguo ambazo wenzake wa kata wanazitamani. Siku moja anafungua simu, mchezo unamwomba aingie upya, na neno la siri linakataa. Jioni, shangazi yake aliye Mahagi anapokea ujumbe kwenye Facebook, wenye jina na picha ya kijana huyo: anaumwa, atumiwe dola 20 haraka, kwa namba ambayo si yake.

Ndivyo wizi wa namna hii unavyokwenda mara nyingi, na ndiyo sababu si jambo la watoto peke yao. Akaunti ya mchezo haisimami yenyewe. Imefungwa kwenye akaunti ya Facebook au ya Google, na hizo zimefungwa kwenye barua pepe na kadi ya SIM. Mwizi akishika mwanzo wa kamba hiyo, anavuta yote: mchezo, picha, ujumbe wa familia, na mara nyingine pesa iliyo kwenye simu.

Mwenye kuibiwa naye mara nyingi anakimbilia kwanza kwenye mchezo: anaingia na kutoka, anaufuta na kuuweka upya, anawauliza marafiki. Wakati huo wote mwizi anabadilisha namba na barua pepe. Anayetaka kuokoa akaunti yake anapaswa kufuata mpangilio mwingine: namba ya simu kwanza, kisha barua pepe, kisha Facebook, na mchezo mwishoni.

Njia wanazotumia maeskro

Matapeli hawa, ambao mitaani wanaitwa maeskro, mara chache ni mafundi wa kompyuta. Wanachojua ni kuongea. Njia zao zinajulikana.

Ya kwanza ni almasi za bure. Free Fire, mchezo ambao kampuni ya Garena ya Singapore inautoa tangu 2017, huchezwa bure, lakini nguo na silaha za kupendeza hununuliwa kwa almasi. Basi kinatumwa kiungo kwenye kikundi cha WhatsApp: bonyeza hapa, upate almasi 5,000 za likizo kubwa. Ukurasa unaofunguka unafanana kabisa na wa Facebook, unaomba namba na neno la siri. Ukiandika, umemwandikia mwizi.

Ya pili ni muuzaji wa almasi. Vijana wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo wanapitia mtu wa kati na kumlipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Biashara hiyo kwa yenyewe si lazima iwe ya udanganyifu, lakini kuna alama moja ya kumpima muuzaji. Kwa Free Fire, almasi hutumwa kwa namba ya utambulisho wa mchezaji, ile inayoonekana kwenye ukurasa wake ndani ya mchezo. Anayekuomba namba hiyo peke yake anaomba kinachohitajika. Anayekuomba neno la siri, au anayesema lazima aingie mwenyewe kwenye akaunti yako ili akuwekee, usimpe, hata kama bei yake ni nusu ya wengine.

Ya tatu ni kununua akaunti iliyokwisha kupambwa. Muuzaji anachukua pesa, anakupa neno la siri, unabadilisha, unafurahi. Baada ya wiki mbili akaunti inarudi kwake. Inawezekanaje? Kwa sababu barua pepe ya kwanza, risiti za zamani na tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti bado anazo yeye. Anaiandikia kampuni kwamba ameibiwa, na ushahidi uko upande wake. Garena na makampuni mengine yanakataza kuuza na kununua akaunti, kwa hiyo mnunuzi aliyedanganywa hana wa kumlilia.

Ya nne ndiyo inayowapata hata watu wazima: kode. Rafiki anakuandikia, “Yaya, simu yangu ina tatizo, nimetuma kode kwako kwa bahati mbaya, nisaidie unitumie.” Huyo rafiki ameshaibiwa, na anayeandika ni mwizi. Kode aliyoomba ni ya kufungua akaunti yako wewe. Wengine wanakuomba upige namba inayoanza na *21* au **21* na kumalizika na alama ya #. Hiyo inaelekeza simu zako zote kwa mtu mwingine, ili kode inayosomwa kwa sauti imfikie yeye.

Ya tano ni programu za kudanganya mchezo: zile zinazoahidi risasi zisizokosa au kuona adui nyuma ya ukuta. Hazipatikani kwenye Google Play, zinapitishwa mkono kwa mkono au kwa Bluetooth. Nyingine zinabeba kitu kinachosoma maneno ya siri yaliyo kwenye simu. Na hata isipobeba kitu hicho, kampuni ikigundua udanganyifu inaweza kuifunga akaunti.

Kudanganywa si ujinga

Aliyeibiwa mara nyingi ananyamaza kwa haya, na ukimya huo unampa mwizi muda. Ni vizuri kukumbuka kilichotokea Januari 2022 kwa kampuni ya Marekani Electronic Arts, inayotengeneza mchezo wa kandanda uliokuwa ukiitwa FIFA. Wezi waliwabana kwa maneno wafanyakazi wa huduma ya wateja, wakijifanya wenye akaunti, hadi baadhi ya wafanyakazi wakawabadilishia barua pepe. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba akaunti zisizofika 50, nyingi za wachezaji wanaojulikana, zilichukuliwa hivyo, na ikasema kosa lilikuwa la kibinadamu upande wake. Kama wafanyakazi waliofundishwa kazi hiyo walidanganywa, mwanafunzi wa Mudzipela au Nyakasanza asione haya kusema.

Nchi jirani zimepitia hayo hayo. Watanzania wanaujua tangu zamani ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, unaotumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, ukingoja yule mmoja ambaye kweli alikuwa na pesa ya kumtumia mtu siku hiyo.

Saa ya kwanza: fuata mpangilio huu

Anza na namba. Je, kadi yako ya SIM ina mtandao? Hapa Bunia mtandao hukatika mara kwa mara, kwa hiyo usiogope bure: muulize jirani mwenye kampuni ile ile. Kama yeye ana mtandao na wewe huna, huenda namba yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Nenda mara moja kwenye ofisi ya kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho, uombe kadi ya mtu huyo ifungwe. Kama mtandao upo, piga *#21# kuona kama simu zako zinaelekezwa pengine, na ##002# kufuta maelekezo yote.

Fuata barua pepe. Kwa akaunti ya Google, fungua g.co/recover. Fanya hivyo kwa simu ambayo umezoea kuitumia na mahali ulipozoea, nyumbani au shuleni. Google yenyewe inashauri hivyo, kwa sababu inatambua kifaa cha siku zote. Kwenda kwenye nyumba ya intaneti ya mbali au kutumia simu ya mgeni kunaweza kukupunguzia nafasi. Kama mwizi ameshabadilisha namba ya uokoaji, usikate tamaa: kwa muda wa siku 7 Google inaweza kuendelea kukubali kode kwa namba au barua pepe ya zamani. Lakini siku hizo zikipita bila kufanya chochote, kazi inakuwa nzito.

Kisha Facebook. Anwani ni facebook.com/hacked. Kabla ya hapo, angalia kwenye barua pepe yako: Facebook, kila barua pepe au namba ya akaunti ikibadilishwa, hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, na ndani yake kuna kiungo cha kusema kwamba si wewe uliyefanya hivyo. Taarifa hiyo ni dhahabu, usiifute. Hakikisha tu imetoka kweli kwa Facebook, kwa sababu maeskro nao hutuma za kuiga. Ukiisha kuingia, badilisha neno la siri, halafu fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uviondoe vyote usivyovijua. Wengi wanasahau hatua hiyo ya mwisho, na mwizi anabaki ndani.

Kwa WhatsApp, weka programu upya kwa namba yako na uandike kode inayokuja kwa SMS. Mwizi atatolewa papo hapo. Akiwa ameweka kode yake ya tarakimu sita, utangoja siku 7 kabla ya kuingia tena, lakini naye hatabaki ndani wakati huo.

Wakati wote huu, mpe mtu mmoja wa familia kazi ya kupiga simu. Awaambie shangazi, wajomba, wanakwaya, wanafunzi wenzako: msitume pesa, akaunti imeibiwa. Kazi hiyo haihitaji mega, na mara nyingi ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi.

Kuandikia kampuni ya mchezo

Ukiisha kurudisha Facebook au Google, mara nyingi mchezo unarudi wenyewe, kwa sababu mlango ni ule ule. Ikiwa mwizi ametenganisha mchezo na akaunti yako, andika kwenye ukurasa wa msaada ulio ndani ya mchezo au kwenye tovuti rasmi ya kampuni. Malalamiko marefu yenye hasira hayasaidii. Kinachosaidia ni ushahidi: namba ya utambulisho ya mchezaji, majina uliyowahi kutumia, mwaka na mwezi ulipofungua akaunti, aina ya simu uliyochezea kwanza, siku uliyoingia mara ya mwisho, na risiti za manunuzi. Aliyenunua kupitia Google Play atakuta kwenye barua pepe yake risiti yenye namba inayoanza na herufi GPA. Andika ombi moja na ungoje jibu. Kutuma maombi kumi kwa siku moja kunachanganya tu.

Kuna wasiobahatika. Aliyekuwa anacheza kama mgeni, bila kufunga mchezo kwenye akaunti yoyote, akipoteza simu au kufuta mchezo, kwa kawaida hana njia ya kurudi. Na aliyenunua akaunti ya mtu hana ushahidi wa mwanzo. Ni vizuri kuwaambia ukweli huo mapema kuliko kuwaacha watumie pesa nyingine.

Hapo ndipo anapojitokeza tapeli wa pili. Ukiandika kwenye Facebook kwamba umeibiwa, baada ya dakika chache watakuja watu kukusifia “fundi” fulani anayerudisha akaunti kwa dola 10. Fundi huyo ataomba nusu kwanza, kisha neno la siri la barua pepe, kisha kode. Kampuni za Google, Meta na Garena hazirudishi akaunti kwa malipo, na hakuna mtu wa mtaani mwenye funguo zao.

Kama umetuma pesa

Aliyemtumia eskro pesa kwa simu apige mara moja huduma ya wateja ya kampuni yake, au aende ofisini, akiwa na SMS ya muamala yenye namba ya rejea. Dakika zina maana. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mwizi, kampuni inaweza kuizuia. Ikiisha kutolewa kwenye kabine, ni vigumu sana kuirudisha. Usifute SMS, usifute mazungumzo. Piga kapture, yaani picha ya kioo cha simu, za kila kitu: namba, jina lililojitokeza wakati wa kutuma, kiungo, siku na saa.

Kuhusu sheria, Kongo ina Code du numérique, agizo lenye nguvu ya sheria namba 23/010 la tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Linaadhibu kuingia bila haki kwenye akaunti au kompyuta ya mtu, udanganyifu wa mtandaoni, na kujifanya mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye kuibiwa ana haki ya kupeleka mashtaka polisi au kwenye parke, na kapture zake ndizo ushahidi. Vijana nao wajue: kuchukua akaunti ya mwenzako “kwa mchezo” kunaweza kuangukia chini ya sheria hiyo hiyo.

Kadi ya SIM, udhaifu wetu

Mashauri mengi ya usalama yameandikwa kwa watu wanaokaa na namba moja miaka kumi. Huku Ituri maisha ni mengine. Familia zimekimbia kutoka Djugu, Irumu na kwingine mara zaidi ya moja, simu zikabaki nyuma au kuporwa njiani. Wengine walinunua kadi ya SIM chini ya mwavuli wa muuzaji, ikaandikishwa kwa jina la mtu wasiyemjua. Siku ya kuomba kadi mpya yenye namba ile ile, ofisi inauliza kitambulisho, majina hayalingani, na namba imekwenda. Namba isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kumpa mteja mwingine, na mteja huyo, hata bila nia mbaya, ndiye atakayepokea kode zako.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Hakikisha kadi yako imeandikishwa kwa jina lako, na kama una kadi ya mpiga kura, itumie. Kwa mtoto asiye na kitambulisho, iwe kwa jina la mzazi, si la muuzaji. Na kila unapopoteza au kubadilisha namba, siku hiyo hiyo ingia kwenye Google na Facebook uondoe ya zamani na kuweka mpya.

Funga mlango kabla

Baada ya hapo, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye Google, Facebook na WhatsApp. Maana yake ni kwamba neno la siri peke yake halitoshi kuingia. Lazima na kode. Mtu atasema: mtandao ukikatika, nitapataje SMS? Kuna programu za kutoa kode, kama Google Authenticator, ambazo hufanya kazi bila mtandao na bila mega. Tena Google na Facebook hukupa orodha ya kode 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye daftari, uliweke nyumbani pamoja na karatasi za maana. Ukilazimika kukimbia, daftari hilo litakufaa hata bila simu.

Neno la siri la barua pepe lisifanane na la mchezo wala la Facebook. Maneno manne ya kawaida yasiyo na uhusiano, yaliyounganishwa, ni bora kuliko jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Ukimpa fundi simu aitengeneze, toka kwanza kwenye akaunti zako kama inawezekana, na ukiirudisha angalia orodha ya vifaa. Kwenye nyumba ya intaneti, usikubali kompyuta ikumbuke neno lako la siri, na toka kabla ya kuinuka.

Kwa wazazi

Mtoto mwenye kuogopa kupigwa hatasema kwamba ametoa kode. Atanyamaza siku tatu, na siku hizo ndizo mwizi anazozihitaji. Mzazi afadhali aweke kanuni mbili tu nyumbani: hakuna kode inayotolewa kwa mtu yeyote, hata kaka, na atakayekosea aseme saa ile ile, kwanza tuokoe namba, maneno mengine baadaye. Na likizo ikikaribia, kaeni pamoja jioni moja na simu ya mtoto mkononi: mwangalie mchezo umefungwa kwenye akaunti gani, akaunti hiyo imefungwa kwenye namba gani, na namba hiyo kweli iko mfukoni mwa nani.